Padri akikataa bati za mnunuzi wa kangomba, amehubiri au amefanya siasa? Wadau wa Kusini njooni

Mwana wa Mtandi

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Niko Masasi, chini ya jiwe, nyumbani. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumapili ya juzi na nikimweleza mke wangu ananiambia nikalale. Nimelileta hapa.

Kanisa letu la mtaani (silitaji, anayelijua analijua) bati zimeoza. Mvua ikinyesha tunahamisha mabenchi kuelekea madhabahuni kama watu waliovamiwa na siafu. Tukafanya changizo. Akasimama mzee mmoja, muumini mwenzetu, mnunuzi wa kangomba (anawapa wakulima pesa kabla ya msimu, wakivuna wanamlipa korosho kwa kopo), mtu mkarimu, tena kwenye misiba ni wa kwanza kufika na gunia la mchele. Akatoa bati 60. Vigelegele, kina mama wakamvisha kanga. Padri wetu, kijana, mgeni, hata mwaka hajamaliza, akashukuru kwa kutikisa kichwa tu. Tukadhani kachoka.

Jumapili iliyofuata akapanda mimbarini na kopo. Wakulima wenzangu kopo hilo mnalijua. Kopo la rangi, kitako kimegongwa kwa nyundo kutoka ndani mpaka kimefura nje kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Akalijaza korosho, akaongeza kichwa juu, akamwita mzee wa kanisa aje na mizani. Kopo hilo vijijini mwezi wa tisa linaitwa kilo. Mizani ikasema kilo moja na robo. Akasoma Amosi 8, pale nabii anapowasema waliopunguza kipimo cha nafaka wakachezea mizani ili wawanunue maskini kwa jozi ya viatu. Akaongeza neno lake: hao wa Amosi walipunguza kipimo kwa kuwa walikuwa wanauza, hapa kwetu tunakiongeza kwa kuwa tunanunua. Halafu akaomba bati zirudishwe kwa mwenyewe, na mwenyewe akatafute waliomuuzia kabla ya msimu.

Kanisa zima likawa kama limemwagiwa maji. Wiki hiyo hiyo wazee wakamwita wakamwambia aache siasa, yeye kazi yake ni roho.

Nauliza: ni siasa ile? Mimi nakaa kilipo kiti cha Askofu Trevor Huddleston wa kanisa letu la Kianglikana. Huyu Mwingereza alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, tangu 1943. Makaburu walipoleta sheria ya elimu ya Wabantu mwaka 1953, ya kumfundisha mtoto mweusi ili awe mtumishi tu, alikubali shule nzuri ya kanisa, St Peter's, ifungwe kuliko kuiendesha kwa masharti yale. Shule hiyo ndiyo aliyosoma na kufundisha Oliver Tambo, yule kiongozi wa ANC. Watu wa Sophiatown walipoanza kubebwa kwa nguvu na malori Februari 1955 kupelekwa Meadowlands, Huddleston alikuwa barabarani nao. Mwaka 1960 akaletwa kwetu kuwa Askofu wa Masasi, akakaa hadi 1968. Sasa wazee wangu wanaoning'iniza picha yake ofisini ndio hao hao wanaomwambia kijana huyu kwamba bei ya korosho haihusu kanisa. Nisaidieni.

---

Nyuki Mweusi

Nimeweka mkeka. Nondo zishuke.

---

Mkulima wa Lulindi

Mkuu, siasa ni kumpigia mtu kampeni. Kuonyesha kopo si siasa, ni hesabu.

Ila nataka niseme jambo moja kuhusu huruma, maana tunachanganya. Bibi yangu alipasuliwa Lulindi na daktari wa misheni, Leader Stirling, yule aliyekuja na UMCA (misheni ya Kianglikana) mwaka 1935 akapasulia watu kwenye nyumba za udongo na nyasi, baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Bibi alipona, akazaa wengine watatu, mmoja ndiye baba. Kwa hiyo mimi sitakaa nidharau huruma ya kanisa, nipo kwa sababu yake. Lakini huruma inamtibu aliyeumia, haimuulizi aliyemuumiza. Bati 60 ni huruma. Bei ya korosho ya bibi ni haki. Mtu anaweza kukupa cha kwanza kwa mkono wa kulia ili usimdai cha pili alicho nacho mkono wa kushoto. Mwalimu Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York, Oktoba 1970, kwamba kanisa lisiposhiriki kuangusha mifumo inayowafanya watu wawe maskini, watu watakuja kuliona halina maana kwao. Na aliyekuwa anasema hivyo ni mtu wa misa kila asubuhi, hatuwezi kusema alikuwa na chuki na padri.

---

Mjukuu wa Kivinje

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu wa Kilwa, naishi Mtwara, natia neno kwa adabu. Mkiona nimezidi mniambie.

Ndugu zangu mnapenda kuanza hadithi kwa Huddleston kwa sababu Huddleston ni mtamu. Anzeni mwaka 1905. Babu zetu walilazimishwa kulima pamba ya Mjerumani, wakadaiwa kodi, wakachapwa. Vita ya Majimaji ilipoanza Matumbi ikashuka huku, misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa na wenzake Agosti mwaka huo upande wa Liwale. Mimi sishangilii kifo cha mtu. Nauliza tu: kwa nini mkulima aliyechoka na akida, mtoza kodi wa Mjerumani, alipoona msalaba hakuona kimbilio? Kwa sababu kwa macho yake padri na mtoza kodi walikuja na meli moja.

Na kama mnataka mbali zaidi: kanisa la Kianglikana, hilo la Huddleston, kabla halijawa mkombozi wa watumwa, lilikuwa mwenye watumwa. Mwaka 1710 tajiri mmoja aitwaye Christopher Codrington alikufa akaliachia shirika lao la kueneza Injili mashamba yake ya miwa Barbados, na watumwa wakiwemo. Shirika likayaendesha zaidi ya miaka mia. Watumwa walichomwa chapa kifuani kwa chuma cha moto. Neno lililoandikwa: SOCIETY. Yaani Shirika. Mali ya shirika la Injili. Nilisoma hilo usiku nikafunga simu nikaenda kukaa barazani.

Sisemi imani yenu ni mbaya. Nasema msalaba ule ule umekuwa chapa kifuani na umekuwa mkono uliofungua mnyororo. Basi msiniambie "imani ya Kikristo huleta haki". Niambieni ipi, ya nani, akiwa amesimama wapi.

---

Mwana wa Mtandi

Waaleikum salaam kaka yangu. Hujazidi. La Barbados nililisikia juu juu, chapa sikuijua. Imenikaa vibaya.

Nikubali pia moja ambalo huku kwetu tunalipitia haraka kwenye sherehe. Masasi ya misheni ilianza 1876. Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi wakapanda kwa miguu. Nia ilikuwa kwenda mbali zaidi, kwa Wayao. Walipofika hapa kwenye majiwe wale watu wakasema tunakaa hapa, wengine waliona wamekaribia kwao walikoibwa. Steere akakubali. Hiyo sehemu naipenda kuliko zote: kijiji chetu kilichaguliwa na waliokuwa watumwa, askofu alifuata.

Na kutoka kundi la watu kama hao akatokea Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani mdogo, akasomea chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alitumikia Chitangali. Lakini kaka yangu wa Kivinje atauliza, na ana haki: padri Mwafrika 1890, askofu Mwafrika wa Masasi lini? Hilary Chisonga, 1968. Miaka 78. Waliohubiri kwamba wote ni sawa mbele za Mungu walihitaji miaka 78 kukubali wote ni sawa mbele ya kiti.

---

Dada Ligula

Heee, kaka Mwana wa Mtandi umejipiga ngumi mwenyewe 😂

Lakini mmpe na Huddleston chake. Aliondoka 1968 akiwa na miaka 55, mzima wa afya, akaachia kiti Mwafrika. Wangapi mnawajua walioachia kiti wangali wana nguvu? Hata uenyekiti wa kikundi cha vikoba hapa mtaani kwangu una mama mmoja tangu mwanangu hajazaliwa.

---

Mwalimu Mstaafu 47

Vijana wangu, marahaba.

Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, sita kati ya hiyo shule iliyokuwa ya misheni. Niseme kidogo.

Kijana wa Kivinje umeuliza swali zuri kuliko majibu tuliyokuwa tunafundisha. Akiwa amesimama wapi. Chukua Afrika Kusini. Waliotunga ubaguzi hawakuwa wapagani. Walikuwa wazee wa kanisa la Kidachi la Reformed, wakiomba kabla ya kikao cha Bunge. Biblia waliyonayo ndiyo aliyokuwa nayo Askofu Desmond Tutu, mweusi aliyewapinga. Na ndani ya kanisa lao akatoka Beyers Naudé, mchungaji mwenye jina kubwa, mwana wa Kikaburu hasa, akaacha mimbari mwaka 1963 akaenda kusimama na weusi. Kanisa tawi la watu wa rangi mchanganyiko nalo likaandika mwaka 1982 ungamo la Belhar, kwamba kutenganisha watu kwa rangi ni kinyume cha Injili. Haikuwa vita ya wenye dini na wasio na dini. Ilikuwa vita ndani ya kanisa.

Marekani vivyo hivyo. Mchungaji mweusi Martin Luther King alipofungwa Birmingham, Alabama, Aprili 1963, barua yake mashuhuri ya gerezani hakuwaandikia wabaguzi wa Ku Klux Klan. Aliwajibu viongozi wanane wa dini, wazungu, watu wa heshima, waliosema anaharakisha mambo, asubiri, asivuruge amani. Ukisoma barua ile utawasikia wazee wa kanisa lako, Mwana wa Mtandi. Wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye bati.

Halafu tusidhani ni wahubiri peke yao. Mji wa Montgomery, huko huko Alabama, tangu Desemba 1955, weusi waligoma mabasi yaliyowabagua siku 381. King alikuwa na miaka 26. Waliogoma hasa ni wapishi na wafua nguo waliotembea maili kwenda kazini na kurudi, usiku wakijaa kanisani kuimba, kuchangishana pesa ya petroli na kupanga magari ya kubebana. Kanisa lilikuwa ukumbi, sanduku la fedha na kituo cha magari. Ukiondoa wale kina mama, unabaki na hotuba.

Kwa Tutu nina kisa kimoja ambacho wanafunzi wangu hawakukisahau. Akiwa mtoto alimwona mzungu mrefu, kanzu nyeupe, kofia kubwa, akipita mbele ya mama yake. Mama alikuwa mtumishi wa ndani. Mzungu akavua kofia kumwamkia. Mtoto hakuwahi kuona mzungu akimvulia kofia mwanamke mweusi, tena mfanyakazi. Mzungu yule ni Huddleston. Baadaye Tutu kijana akalazwa kifua kikuu zaidi ya mwaka na nusu, Huddleston akawa anamtembelea hospitalini. Kofia haikubadilisha sheria hata moja. Lakini angalia ilimfikia nani.

---

Nyuki Mweusi

Mwalimu, "watu wenye bati". Nimeiandika ukutani.

---

Kopo Tupu

Mmemaliza? Sasa nisikilizeni mimi.

Mimi ni kangomba. Ndiyo. Jina langu hamtalipata. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa 3,300 na wanajeshi wakaja kubeba, mimi nilijificha kwa shemeji wiki tatu kama mwizi wa ng'ombe. Nawajua nyote mnavyotuongelea.

Mwezi wa nane. Mama anakuja mlangoni saa mbili usiku, mtoto ana homa, anahitaji elfu thelathini. Korosho iko juu ya mti, ua limegeuka tu. Chama cha msingi hakimkopeshi. Benki haimjui. Mnada mpaka mwezi wa kumi, malipo labda wa kumi na mbili. Padri wenu hakopeshi, anaombea. Mimi natoa elfu thelathini hapo hapo mlangoni, bila fomu. Akivuna ananipa makopo yangu.

Ndiyo, kopo limefura. Limefura kwa sababu wengine hawalipi, wengine wanahama, mwaka mwingine ukungu unakula ua lote nabaki na madeni ya watu na mimi mwenyewe nadaiwa na mkubwa wa mjini ambaye jina lake halitatajwa mimbarini hata siku moja. Padri ameonyesha kopo langu. Aonyeshe na la yule.

---

Mwana wa Mtandi

Mkuu Kopo Tupu, nimesoma mara tatu. Sina jibu la haraka.

Nakiri kitu. Mwaka niliooa, mimi mwenyewe nilichukua pesa ya kangomba. Nililipa makopo kumi na nane. Na niliyemlipa ni huyu huyu mzee wa bati. Labda ndiyo maana sijalala.

Lakini hapo kwa yule mama mwezi wa nane, naona umetaja deni la kanisa kuliko padri alivyolitaja. Mtoto ana homa, na mlango unaofunguka ni wako tu. Hilo ni kosa la nani?

---

Mkulima wa Lulindi

Kopo Tupu amesema kweli chungu, ila naye asijifiche nyuma ya homa ya mtoto. Mkopo wa elfu thelathini sawa, robo kilo ya ziada kwenye kila kopo ya nini? Riba mbili kwa kichwa kimoja. Aache kopo, aje na mizani, tuone kama atakosa wateja.

Na hili la mkubwa wa mjini ndipo nabii anapojulikana. Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar, dayosisi iliyokuwa na Masasi yetu ndani yake mpaka 1926. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali dhidi ya Waingereza wenzake waliokuwa wanawalazimisha Waafrika kazi kule Kenya, akaliita jambo hilo utumwa. Angeweza kuwasema wanyapara tu, akanyamaza kuhusu London. Hakunyamaza. Kumsema mwenye kopo ni rahisi, anakaa benchi la tatu unamwona. Mwenye ghala haji kanisani kwetu.

---

Dada Ligula

Mimi ni mhasibu, naomba nitoke kwenye manabii nirudi kwenye daftari.

Kanisa lina watu wangapi Mwana wa Mtandi? Sema kaya mia. Kila kaya ikiweka elfu mbili kwa wiki kuanzia mnada ukilipa, Januari mpaka Julai, mwezi wa nane una kama milioni sita sandukuni. Elfu thelathini zenu za homa zinatoka humo mara mia mbili. Msikiti wa jirani wakiingia ndiyo kabisa, homa haiulizi dini. Vikoba vipo kila mahali huku, kina mama wameshafanya, hakuna haja ya kusubiri mtu avue kofia.

---

Mjukuu wa Kivinje

Dada, hapo mimi naingia. Riba isiwepo tu.

Na nirudi kwa Mwalimu, shikamoo. Jibu lako la "vita ndani ya kanisa" nimelipokea. Ila lina bei kwenu. Huwezi kumdai Huddleston kama ndugu halafu ukamkana Codrington kama mgeni. Wote walikula meza moja. Na sisi tuna yetu, masultani walioswali tano na kuuza watu bandarini Kilwa na Bagamoyo, siwezi kusema hao si wetu. Nilipokuwa mdogo babu alikuwa akitaja kwao Matumbi, hakutaja ukoo wake wa kuuza. Nilikuja kuusikia kwenye msiba wake.

---

Mwalimu Mstaafu 47

Marahaba mwanangu. Hiyo nayo haikuwa kwenye silabasi.

---

Kopo Tupu

Dada Ligula, hicho kisanduku kikianza naomba mnijulishe. Natania. Sitanii sana.

---

Mwana wa Mtandi

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa, mtandao huku unakuja kwa msimu kama korosho.

Padri hajahamishwa, ila safari hii hubiri lilikuwa juu ya ndoa. Wazee wamempa kikao kingine mwezi ujao. Kina mama wamekaa chini ya mwembe Alhamisi, wakaandika majina 34 ya kisanduku cha mwezi wa nane, wawili kati yao Waislamu wa mtaa wa pili. Wamekataa mwanaume kushika ufunguo, nami nimeunga mkono.

Yule mzee hajarudisha kitu kwa mtu, na hajachukua bati zake. Zimeegemea ukuta wa nyumba ya katekista, zote 60, kuku wanalala nyuma yake. Jana, Jumapili, mvua ya kwanza ikashuka katikati ya Imani ya Nikea. Tukahamisha mabenchi kama kawaida. Yeye hakusogea. Alibaki benchi la tatu, mama yangu pembeni yake, wameloa mpaka viatuni, wanaendelea kuitikia.